Katuni Zilizaliwa kwa Familia Nzima: Historia Fupi ya Kuangalia na Mtoto

Swali ninaloulizwa sana na wazazi wenye watoto wadogo ni hili: "Nesi, nimwekee mwanangu katuni gani?" Mimi huwa narudisha swali: nani atakaa naye akiangalia? Hapo wengi wanacheka. "Sasa mimi mtu mzima nikae niangalie katuni?"

Ndiyo, mama. Kaa. Na wiki hii nataka nikuonyeshe kwa nini, kwa kukupitisha kwenye historia ya katuni zenyewe. Utaona kwamba wazo la "katuni ni za watoto, wawekee wakae kimya" halikuwepo mwanzoni. Lililetwa baadaye na biashara, na walioanza kupambana nalo walikuwa akina mama kama wewe. Nimeigawa sehemu saba, soma taratibu ukiwa unanyonyesha au unasubiri maharage yaive.

SEHEMU YA 1: Mtu mzima ndiye aliyelipa kiingilio

Mwaka 1914 Mmarekani mmoja, Winsor McCay, mchoraji wa magazeti, alitengeneza filamu fupi ya mnyama mkubwa wa kale aitwaye Gertie. Alichora maelfu ya picha kwa mkono, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na tofauti ndogo na iliyotangulia. Picha zikipita haraka mbele ya jicho, ubongo wako unaziunganisha na kuona kitu kinatembea. Siri ya katuni ni hiyo tu hadi leo. McCay alisimama jukwaani na mjeledi mkononi akimpa Gertie amri, na yule mnyama kwenye pazia anatii, akikaripiwa analia. Waliokaa kwenye viti walikuwa watu wazima waliotoka kazini.

Mwaka 1928 akaja Mickey Mouse katika Steamboat Willie, katuni iliyopata umaarufu kwa sababu sauti na muziki vilikwenda sawasawa na michoro. Halafu mwaka 1937 Walt Disney akatoa Snow White and the Seven Dwarfs, filamu ndefu ya dakika 83. Iligharimu kama dola milioni 1.5, pesa nyingi mno kwa wakati ule. Watu wa Hollywood walimcheka, wakasema hakuna mtu mzima atakayekaa muda wote huo kuangalia michoro. Walikaa, wakacheka, wakalia. Mwaka 1939 alipewa Oscar ya heshima: sanamu moja kubwa na nyingine saba ndogo pembeni yake, za wale wafupi saba.

Tom na Jerry walianza mwaka 1940, kazi ya William Hanna na Joseph Barbera. Hizi zilionyeshwa sinema kabla ya filamu kubwa kuanza, kwa hiyo zilitakiwa kumchekesha kila aliyelipa: babu, kijana na mtoto aliyepakatwa. Na kwa kuwa paka na panya wale hawaongei sana, hazihitaji tafsiri. Ndiyo maana hata kwetu, televisheni ilipoenea Bara miaka ya 1990, bibi asiyejua neno la Kiingereza alicheka pamoja na wajukuu. Hakuna aliyeachwa nje.

SEHEMU YA 2: Katuni iliyopambana na malaria

Hii nimeiweka kwa ajili yetu watu wa afya, ila najua utaipenda. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, studio ya Disney iliombwa na serikali ya Marekani kutengeneza katuni ya afya, kwa kuwalenga hasa watu wa Amerika ya Kusini. Inaitwa The Winged Scourge. Inaanza kwa kumwonyesha mbu anayeeneza malaria kama mhalifu anayetafutwa na polisi. Halafu wale wafupi saba wa Snow White wanaingia kazini: wanafukia madimbwi, wanafunika mapipa ya maji, wanaziba matundu ya nyumba, wanaweka wavu madirishani na kulala ndani ya chandarua.

Angalia tarehe vizuri. Ni zaidi ya miaka 80 iliyopita, na ukitoa mambo machache (walimwaga mafuta juu ya maji na kupuliza dawa ambazo leo tusingezitumia hivyo), ni somo lile lile tunalotoa kliniki. Mtoto aliwaangalia wale wafupi wakianguka matopeni akacheka, mama akaondoka anajua cha kufanya na pipa la uani. Filamu moja, na kila mmoja amepata chake. Likumbuke hilo, tutalirudia.

SEHEMU YA 3: Sigara, sukari na Jumamosi asubuhi

Mwaka 1957 studio iliyokuwa inatengeneza Tom and Jerry ilifunga kitengo chake cha katuni. Hanna na Barbera wakafungua kampuni yao na kuhamia kwenye televisheni, ambako fedha ilikuwa kidogo kuliko sinema. Wakabuni njia ya kubana matumizi: badala ya kuchora mwili mzima upya, unachora mdomo na mkono tu, mwili unabaki vile vile. Umewahi kujiuliza kwa nini dubu Yogi hana nguo ila amevaa kola na tai? Kola ile inaficha mahali kichwa kinapoungana na mwili, ili kichwa kichorwe peke yake.

Mwaka 1960 wakaanzisha The Flintstones, familia ya zama za mawe. Kilirushwa Ijumaa usiku saa mbili na nusu, saa ya familia nzima. Kilikuwa kipindi cha watu wazima kabisa: mambo ya kazi, madeni, mke na mume kukorofishana. Na mmoja wa wadhamini wake alikuwa kampuni ya sigara. Fred na jirani yake Barney walionekana kwenye matangazo wakivuta sigara, wahusika wale wale ambao watoto waliwapenda. Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani akatoa ripoti maarufu kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu. Matangazo ya sigara yalikuja kuondolewa kabisa kwenye redio na televisheni za nchi ile mwaka 1971.

Ila katikati ya miaka ya 1960 kuna jambo lingine lilitokea kimya kimya. Vituo vikubwa viligundua kwamba Jumamosi asubuhi wazazi wamelala na watoto wako macho. Wakazirundika katuni zote hapo. Mtangazaji wa nafaka zenye sukari na wanasesere akapata anachokitaka: mtoto peke yake mbele ya TV, hakuna mtu mzima wa kumwambia "hilo ni tangazo tu, mwanangu."

Jamani, hapo ndipo katuni zilipoanza kuitwa za watoto. Hakuna daktari wala mwalimu aliyesema mtoto anafaidika akiangalia peke yake. Aliyefaidika ni muuzaji.

SEHEMU YA 4: Akina mama wa Newton

Mwaka 1968, katika mji wa Newton, jimbo la Massachusetts, mama mmoja aitwaye Peggy Charren aliwakusanya akina mama wenzake nyumbani kwake. Alikuwa na watoto wa kike na amechoshwa na alichokiona kwenye TV. Wakaanzisha chama, Action for Children's Television. Hawakutaka vipindi vipigwe marufuku, Charren alipinga jambo hilo maisha yake yote. Walichotaka ni vipindi bora viwe vingi na matangazo yapungue.

Nesi kama mimi napenda sana ushindi wao mmoja. Wakati ule vitamini za vidonge zilitangazwa kwa watoto moja kwa moja, zikionekana kama pipi. Unajua kinachofuata mtoto akikuta chupa ya "pipi" kabatini. Akina mama wale walipiga kelele, na mwaka 1972 watengenezaji wakaondoa matangazo hayo kwenye vipindi vya watoto. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya televisheni ya watoto iliyoweka ukomo wa matangazo: dakika 10 na nusu kwa saa siku za mwisho wa wiki, na dakika 12 siku za kawaida. Miaka 22 tangu kile kikao cha nyumbani!

Wakati huo huo, Novemba 1969, ilianza Sesame Street, iliyobuniwa na Joan Ganz Cooney na wenzake. Siyo katuni yote, ina vikaragosi na watu halisi, ila katikati yake kuna katuni fupi za herufi na namba. Watengenezaji walikaa na wataalamu wa watoto na kukubaliana jambo moja: mtoto anajifunza zaidi kama mzazi yuko pembeni. Sasa mzazi utamkalishaje? Wakaweka utani wa watu wazima na kuwaalika wanamuziki na waigizaji maarufu. Mtoto anaangalia herufi, mama anacheka utani ambao mtoto hajauelewa, kisha mtoto anauliza, "Mama unacheka nini?" Mazungumzo yameanza. Hilo ndilo walilotaka.

SEHEMU YA 5: Japani, mama aliyelazwa na usiku wa taa

Tuhamie Japani, maana kuna mambo mawili huko ambayo mzazi anapaswa kuyajua.

La kwanza ni zuri. Mwaka 1988 Hayao Miyazaki alitoa My Neighbor Totoro. Wasichana wawili, Satsuki na mdogo wake Mei, wanahamia kijijini na baba yao ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama. Wanakutana na mnyama mkubwa mwenye manyoya anayeishi msituni. Hakuna adui, hakuna vita. Mtoto anaona mnyama wa ajabu na basi lenye umbo la paka. Wewe mzazi unaona baba anayejikaza asiwaonyeshe watoto wasiwasi wake, na dada mkubwa anayebeba majukumu ya mama kabla ya umri wake. Mei anaposikia mama hatarudi wikiendi ile kama walivyotarajia, anaondoka peke yake kumpelekea hindi, akiamini akilila atapona. Anapotea njiani. Miyazaki aliyajua haya: mama yake mwenyewe aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi.

Sisi wa wodini tunawajua akina Mei. Mtoto aliyeachwa nyumbani mama akilazwa anajua kuna tatizo hata mkimficha. Kama kwenu kuna mgonjwa, filamu hii inaweza kukufungulia njia ya kuzungumza na mtoto. Muulize tu, "Unadhani Mei anaogopa nini?" Atakuambia anachoogopa yeye.

La pili linatisha kidogo. Tarehe 16 Desemba 1997 kipindi kimoja cha Pokémon kilionyesha mwanga mwekundu na wa bluu ukiwaka na kuzima kwa kasi kubwa. Jioni ile watu 685, wengi wao watoto, walikimbizwa hospitali nchini Japani, baadhi wakiwa na degedege. Pokémon ilisimamishwa miezi minne, vituo vikaweka kanuni mpya za mwanga, na hadi leo katuni nyingi za Japani huanza na onyo: washa taa chumbani na ukae mbali na TV.

Usiogope, wengi waliopelekwa walipona haraka, na watoto wanaoathirika na mwanga wa namna hiyo ni wachache. Ila fuata ushauri ule: usimwache mtoto aangalie gizani pua ikiwa kwenye kioo. Akipata degedege, mlaze ubavu mahali salama, legeza nguo shingoni, usimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimmwagie maji. Angalia saa. Ikizidi dakika tano, au ni mara yake ya kwanza, kimbia hospitali.

SEHEMU YA 6: Simba, wanasesere na ile isiyo ya mtoto

Miaka ya 1990 watengenezaji wa sinema walikumbuka kwamba mtoto haendi sinema peke yake, mzazi ndiye analipa. The Lion King ya mwaka 1994 iliyabeba maneno yetu dunia nzima: Simba, Rafiki, hakuna matata. Mtoto anafurahia ngiri na rafiki yake mdogo. Mtu mzima aliyefiwa na baba anakaa kimya sehemu ile ya Mufasa. Mwaka uliofuata ikaja Toy Story, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta. Mtoto anaona wanasesere wanaongea. Wewe unaona hofu ya kusahauliwa mwanao akikua. Mwaka 2015 Inside Out ikazipa hisia sura: furaha, huzuni, hasira, hofu na karaha, zinazogombania usukani kichwani mwa msichana wa miaka 11 aliyehamishwa mji. Ina somo kubwa kwetu tuliozoea kumwambia mtoto "nyamaza, usilie": huzuni ina kazi yake, inawaita watu waje kusaidia.

Sasa tahadhari, tafadhali. Siyo kila kilichochorwa ni cha mtoto. Mwaka 1989 The Simpsons walianza kipindi chao wenyewe, na mwaka 1997 South Park. Ya pili ni ya watu wazima kabisa, ina matusi na mambo ya chumbani. Ukiona rangi nyingi na vichwa vya duara ukaondoka ukijua mtoto yuko salama, umejidanganya. Angalia dakika kumi za mwanzo mwenyewe.

SEHEMU YA 7: Kwetu, na leo

Watu wanadhani katuni nzuri lazima zitoke ng'ambo. Hapana. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama Dar es Salaam kwa rangi za mafuta zinazong'aa, juu ya vipande vya mbao. Alifariki mwaka 1972, ila mtindo ukabaki na jina lake. Mwaka 2010 ukawa katuni: Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na vijana wa Homeboyz kwa kushirikiana na kampuni ya Uingereza, vipindi 52 vya ngano za wanyama, kwa nini huyu ana mkonga, kwa nini yule ana madoa. Ni hadithi za bibi zile zile. Ukiangalia na mtoto, zima halafu msimulie ile uliyoisikia wewe ukiwa mdogo.

Januari 2014 Ubongo Kids ikaanza kurushwa TBC1, ikitengenezwa Dar es Salaam, hesabu na sayansi kwa Kiswahili na nyimbo. Baadaye ikaja Akili and Me kwa wadogo zaidi: Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala anaingia nchi ya Lala kujifunza na wanyama. Watafiti waliijaribu na watoto wa shule za awali Morogoro na kuchapisha matokeo mwaka 2018: walioiangalia walifanya vizuri zaidi kwenye kuhesabu, kutambua namba na maumbo kuliko walioangalia vipindi vingine.

Na ya Australia, Bluey, iliyoanza Oktoba 2018. Joe Brumm, baba wa watoto wawili wa kike kutoka Brisbane, alichora familia ya mbwa: baba, mama, Bluey na mdogo wake Bingo. Kila kipindi dakika saba, wanacheza tu nyumbani. Mwaka 2024 ndiyo iliyoangaliwa kwa dakika nyingi kuliko kipindi kingine chochote kwenye mitandao ya video Marekani, ikazipita hata tamthilia za watu wazima. Kitafute kipindi kiitwacho Baby Race. Mama Bluey anahangaika kwa sababu mwanawe hajatembea wakati watoto wa wenzake wanatembea. Anayemtuliza ni mama mwenzake mwenye watoto wengi, anayemwambia tu kwamba anafanya vizuri. Niamini, katika foleni ya mizani kliniki kuna mama anahitaji kuambiwa hivyo leo.

Basi nifunge na mambo ya kazi yangu.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri: mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, wa mwaka mmoja vile vile, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Simu na TV zote zinahesabika.

Mtoto mdogo anajifunza kuongea kwa kujibiwa. Anasema "ba", wewe unasema "ndiyo, baba amekuja", anajaribu tena. Katuni haimjibu. Hata ile nzuri kuliko zote haimjui jina. Ukikaa naye, wewe ndiye unayejibu: taja rangi, uliza nini kitatokea, igizeni baada ya kuzima. Kama akifika miezi 18 hana hata neno moja, au miaka miwili haunganishi maneno mawili kama "mama maji", mlete kliniki. Usisikilize "ataongea tu mwenyewe". Tutampima masikio kwanza na kukushauri.

Najua una kazi. Najua kuna siku unampa simu ili upike ugali kwa amani, na sikuhukumu. Ninachokuomba ni kipindi kimoja kwa siku mkae wote, baba naye akiwepo, dakika saba tu zinatosha. Chagua ambacho na wewe utacheka, maana usipokipenda utaondoka baada ya dakika mbili.

Niandikie hapo chini: kwenu mnaangalia ipi, na mtoto alikuuliza swali gani? Mtumie mama mwenzako mwenye mtoto mdogo. Jioni njema, na chandarua kisisahaulike.